Nyumba Yako Isiwe Depo ya Baruti

UKURASA WA USALAMA NA AFYA
Somo kwa wafanyakazi na jamaa zao

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye kutunza nyumba, safari hii tunajifunza juu ya kazi ambayo watu wengine wanaifanya kimya kimya, nyuma ya nyumba au kando ya jiko: kujaza tena maganda ya kartushi.

Katika pori la Walikale na katika milima ya Masisi, mwindaji wa bunduki ya kalibre 12 anajua kwamba kartushi ni ghali na haipatikani kila siku. Anaokota ganda lililokwisha kupigwa na kusema moyoni: "Ganda hili lingali zima, kwa nini nilitupe?" Kisha anasikia kwamba Marekani na Ulaya kuna mashine za kujaza maganda nyumbani, tena za haraka. Anauliza: nichague mashine gani?

Swali hilo si la mpumbavu, na linastahili jibu. Jibu letu ni fupi: katika nyumba ya kambi yenye watoto, hakuna mashine ya kuchagua. Sababu zake ni tatu: moto, sumu na sheria. Soma pole pole, na umsomee bibi yako pia, maana sababu ya pili inawagusa mama na watoto kuliko wewe.

1. MASHINE HIYO NI NINI?

Kartushi ina ganda, fataki ndogo chini yake, baruti ndani, na plombi mbele. Mashine ya kawaida inafanya hatua moja tu kila unapovuta mkono wake. Mashine ya mfululizo ina sahani inayozunguka. Ukivuta mkono mara moja, kila ganda linasogea hatua moja, na kartushi moja iliyokamilika inatoka. Mtu aliyeizoea anaweza kujaza mamia kwa saa moja.

Ilitengenezwa kwa ajili ya nani? Kwa watu wa michezo ya shabaha, wanaopiga kartushi mamia kila juma. Wana ruhusa, wana chumba cha pekee, wana mizani, miwani ya kulinda macho na vitabu vya vipimo. Hata hao wanaonywa kila siku. Mashine ikikwama kidogo na mtu akavuta tena bila kuangalia, ganda moja linaweza kupata baruti mara mbili, na jingine likakosa kabisa. Lenye baruti mara mbili linaweza kupasua bunduki. Lililokosa linaweza kuacha kitu kimeziba ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikapasua bunduki vile vile. Bunduki ikipasuka inapasukia mkononi na usoni mwa mwenye kuishika.

Sasa fikiri. Mwindaji wetu anatumia kartushi ngapi kwa mwezi? Mashine ya mamia kwa saa itamfaa nini? Na askari akiikuta nyumbani, je, atakubali kwamba ni ya kuwinda swala?

2. SABABU YA KWANZA: MOTO

Kila mfanyakazi wa shimo anajua amri hii: detoneta haikai pamoja na baruti. Depo zake ni mbili, milango ni miwili, na kila kitu kinaandikwa katika kitabu wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Kwa nini? Kwa sababu detoneta inashtuka kwa kugongwa, kwa joto au kwa cheche, na ikishtuka inaamsha baruti yote iliyo jirani.

Fataki ya kartushi ni ndugu mdogo wa detoneta. Ndani yake mna dawa kidogo sana, lakini tabia ni ile ile. Katika mashine ya mfululizo fataki nyingi zinapangwa katika bomba moja. Moja ikigongwa vibaya, zote zinaweza kulipuka pamoja, na bomba linageuka kuwa bomu dogo mbele ya uso wa mtu.

Tuseme baba mmoja ameweka baruti katika kopo la maziwa chini ya kitanda, na fataki katika kiberiti juu ya kabati. Jioni mama anawasha koroboi. Mtoto anatafuta kitu cha kuchezea. Chumba ni kimoja, na jiko liko mlangoni. Je, mkubwa wa usalama wa kazi angekubali depo ya namna hiyo katika shimo? Asingekubali hata saa moja. Basi kitu kilichokatazwa mahali pa kazi, kwa watu wazima waliofundishwa, hakiwezi kuwa halali chumbani kwa watoto wasiojua kitu.

Jambo lingine la hapa kwetu: vita vimeacha risasi na mabomu mengi katika mashamba na njia za Masisi na Walikale. Wako watu wanaofungua risasi za vita ili kutoa baruti na kuitia katika kartushi ya kuwinda au katika gobori. Hiyo ni kutafuta kifo. Baruti hazifanani. Nyingine inaungua pole, nyingine haraka sana, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Baruti isiyo ya bunduki ile inaivunja bunduki. Tena kidude unachodhani ni risasi ya kawaida chaweza kuwa kitu kingine kabisa. Ukikiona, usikiguse, usikipige teke, usikitupie jiwe. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, rudi kwa njia uliyojia, na toa habari kwa mkubwa wa kijiji au kwa mkubwa wa usalama wa kazi, ili waitwe watu waliofundishwa kutegua mabomu.

3. SABABU YA PILI: SUMU YA PLOMBI

Katika lugha yetu neno "risasi" lina maana mbili. Ni kile kitu kinachotoka katika bunduki, na ni jina la madini yenyewe, ambayo wengi wetu tunayaita plombi. Hata namba 12 ya kalibre ilitoka katika plombi: ukigawanya ratili moja ya plombi katika mipira 12 iliyo sawa, mpira mmoja unaingia sawasawa katika mtutu. Watu wanaogopa risasi ya maana ya kwanza. Ile ya maana ya pili hawaiogopi, maana haipigi kelele.

Plombi inayeyuka kwa digri 327. Moto wa makaa unapita hapo kwa urahisi, ndiyo sababu watu wanaiyeyusha jikoni, katika sufuria, wakitumia plombi ya betri kuukuu za gari. Ikiyeyushwa inatoa mvuke na uvumbi mwembamba. Uvumbi huo unaingia kwa pumzi, unakaa juu ya mikono, nguo, meza, mkeka na udongo wa uwanja. Fataki nyingi nazo zina dawa yenye plombi, kwa hiyo ganda lililokwisha kupigwa lina masizi yenye sumu hata kabla hujalijaza tena. Anayesafisha maganda katika beseni la kuogeshea watoto anawaogesha watoto katika plombi.

Mtoto mdogo anatambaa chini na kutia vidole kinywani. Tumbo lake linavuta plombi mara 4 au 5 kuliko tumbo la mtu mzima. Mtoto mwenye njaa au mwenye upungufu wa damu anaivuta zaidi tena. Mama mwenye mimba anampitishia mtoto aliye tumboni. Plombi ikiisha kuingia inakaa katika mifupa miaka mingi.

Hebu tufanye hesabu, kama shuleni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha plombi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Tangu 2021 linafundisha kwamba mtu akifika mikrogramu 5 katika desilita moja ya damu, lazima chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mtoto wa kilo 15 ana damu kama lita moja na kidogo. Basi mikrogramu 55 hivi zikiwa katika damu yake yote, amefika kipimo hicho. Gramu moja ina mikrogramu milioni moja, na kartushi moja ya kalibre 12 ina plombi ya gramu 30 hivi. Ni kweli, si yote inayomezwa inaingia katika damu. Lakini umeona: haihitajiki mtoto kumeza risasi. Uvumbi usioonekana kwa macho unatosha.

4. MIFANO MIWILI YA KWELI

Mombasa, Kenya. Katika mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata plombi. Moshi na maji machafu viliingia katika nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, alipompeleka mtoto wake mchanga kupimwa, alikutwa na plombi katika damu. Mama huyo alisimama pamoja na jirani zake, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Plombi ile ya betri ndiyo ile ile anayoiyeyusha mwindaji jikoni.

Zamfara, Nigeria. Mfano huu unatuhusu sisi watu wa madini hasa. Mwaka 2010 wachimbaji wa dhahabu walipeleka mawe nyumbani na kuyasaga vijijini. Mawe yalikuwa na plombi nyingi. Uvumbi ulijaa viwanja, na watoto walianza kufa na degedege. Mwanzoni watu walidhani ni malaria. Inakadiriwa kwamba watoto wasiopungua 400 walikufa. Waganga walipokuja na dawa, kwanza udongo wa vijiji ulipaswa kusafishwa, maana mtoto akitibiwa na kurudishwa katika uvumbi ule ule, dawa ni bure.

Wazazi wa Zamfara hawakuwa wabaya. Walikuwa wakitafuta chakula cha watoto.

5. DALILI ZAKE NI ZIPI?

Hapa ndipo shida kubwa ya sisi waganga wa dispansere. Plombi inajificha nyuma ya magonjwa tunayoyazoea.

(a) Mtoto analia tumbo na hapati choo. Tunasema: minyoo.
(b) Mtoto amepauka, hana nguvu. Tunasema: malaria.
(c) Mtoto amekuwa mzito shuleni, anasahau, ana hasira. Tunasema: mvivu.
(d) Mtoto anapata degedege. Tunasema malaria ya kichwa, na jirani anasema amelogwa.
(e) Baba anaumwa kichwa na viungo, usingizi umekimbia, kiganja kinalegea na kushindwa kuinuka. Tunasema: uchovu wa kazi.

Mara nyingi kweli ni malaria au minyoo, na lazima itibiwe upesi. Lakini munganga hawezi kukisia kitu kilichofichwa. Kwa hiyo ukija dispansere, useme wazi: "Nyumbani tunayeyusha plombi," au "Tunajaza kartushi," au "Tunasaga mawe uwanjani." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa mtoto. Kazi ya munganga ni kutibu, hakuulizi ili akushitaki. Dawa ya kutoa plombi mwilini ipo, lakini inatolewa na daktari peke yake, baada ya kupima damu. Usinunue dawa ya kubahatisha sokoni.

6. SABABU YA TATU: SHERIA

Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inapanga mambo ya silaha na risasi katika nchi yetu. Kutengeneza risasi si kazi ya mtu kujiamulia nyumbani. Uwindaji nao una sheria yake, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982: una ruhusa zake, majira yake na wanyama waliokatazwa. Usisahau kwamba sehemu ya mbuga ya Kahuzi-Biega iko ndani ya Walikale. Tena nchi za Afrika ya kati zilitunga Mkataba wa Kinshasa mwaka 2010, ulioanza kutumika mwaka 2017. Mkataba huo unagusa silaha ndogo, risasi zake, na hata vipande na sehemu za kuzitengeneza.

Tuyaseme mambo jinsi yalivyo. Masisi na Walikale zimeona makundi mengi ya wenye silaha. Nyumba inayokutwa na baruti, fataki na mashine, nani ataamini ni ya mwindaji? Mwenye bunduki yoyote akija kupekua, wewe hutakuwa na nafasi ya kueleza, na bibi na watoto watakuwa pale pale. Sababu hii peke yake ingetosha.

7. BASI TUFANYE NINI?

Kwa mwindaji mwenye ruhusa:
- Tumia kartushi za kiwandani peke yake, za kalibre ya bunduki yako. Zifungie na ufunguo, mbali na bunduki, mbali na moto.
- Ganda lililopigwa lisiwe kitu cha watoto kuchezea wala kupulizia kama filimbi.
- Nyama iliyopigwa, kata na kutupa sehemu yote inayozunguka kidonda, maana vipande vidogo vya plombi vinasambaa mbali kuliko shimo unaloliona. Mama mwenye mimba na watoto wadogo, afadhali wale nyama ya mtego halali, ya kufugwa, au samaki.

Kwa nyumba ambayo kazi hiyo imekwisha kufanyika:
- Acha leo. Baruti na fataki usizichome, usizitupe chooni wala mtoni. Uliza mkubwa wa usalama wa kazi namna ya kuziondoa.
- Sufuria iliyoyeyushiwa plombi isipikiwe tena kamwe, hata ukiisugua kwa mchanga.
- Usifagie pakavu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na usuuze mara nyingi.
- Fua nguo za kazi peke yake, si pamoja na nguo za mtoto.
- Osha mikono ya watoto kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala.
- Mpe mtoto chakula cha kutosha: sombe, lenga-lenga, maharagi, ndagala wanaoliwa na mifupa yao, na maziwa au fromaji ya Masisi zikipatikana. Chuma na chokaa ya chakula vinasaidia mwili kuvuta plombi kidogo. Havifuti sumu iliyokwisha kuingia.

Kwa mchimbaji: usilete mawe nyumbani kuyasaga. Kumbuka Zamfara.

8. AJALI IKITOKEA

Moto umeunguza ngozi: mwaga maji safi ya baridi kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Funika kwa kitambaa safi. Usipake mafuta ya mawese, dawa ya meno, udongo wala majani.

Mkono umepasuliwa: bonyeza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi, inua mkono juu, na usiachie kila dakika ili kuchungulia. Damu ikizidi kutoka kwa nguvu, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, kaza mpaka ikome, na andika saa uliyofunga.

Jicho limeingiwa na kitu: usisugue wala usichomoe. Funika kwa kikombe safi bila kubonyeza jicho.

Katika hayo yote, njoo hospitali mara moja, hata kidonda kikionekana kidogo. Utahitaji pia sindano ya tetanosi. Usichelewe kwa kuogopa maswali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini detoneta na baruti hazikai depo moja? Nyumbani kwako amri hiyo inafuatwa?
2. Taja njia tatu ambazo plombi inatumia kufika kinywani mwa mtoto.
3. Utamwambia munganga nini mtoto akiwa na maumivu ya tumbo yasiyoisha?
4. Kwa nini kumtibu mtoto bila kusafisha nyumba ni kazi bure?

Zungumzeni majibu jioni, baba, mama na watoto wakubwa pamoja. Mwenye kuuliza mashine gani achague amekwisha kupata jibu letu. Akiba anayotafuta katika ganda kuukuu ni ndogo. Macho yake, vidole vyake na akili ya mtoto wake haviuzwi mahali popote, wala hakuna mashine ya kuvijaza tena.